Kamiriithu: Jukwaa la Wafanyakazi Lililobomolewa

Safari hii ukurasa wetu wa nchi jirani unavuka Namanga kwenda Kenya, mpaka Limuru, kilomita thelathini hivi kutoka Nairobi. Ni nchi ya juu, ya baridi na ukungu, na chai imetanda kila upande. Chai ya kwanza kupandwa Kenya ilipandwa huko huko Limuru mwaka 1903. Mchumaji wa Mufindi au wa Rungwe akifika pale hahitaji mtu wa kumweleza kazi: kikapu mgongoni, umande miguuni, na jioni mizani ambayo yeye si mwenye kuisoma. Karibu na mashamba hayo kuna kiwanda kikubwa cha viatu cha Bata. Na katikati ya chai na viatu kuna kijiji cha Kamiriithu.

Hatukukichagua kijiji hicho ovyo. Tarehe 28 Mei 2025 alifariki huko Marekani mwandishi Ngugi wa Thiong'o, mwana wa Kamiriithu, akiwa na umri wa miaka 87. Magazeti yalijaa habari zake: vitabu vyake, ualimu wake katika vyuo vikuu, na ile tuzo ambayo kila mwaka watu walitaraji ataipata asiipate. Yote hayo ni sawa. Lakini tulisoma kurasa nyingi sana kabla ya kukutana na habari za wachuma chai, wafanyakazi wa viatu na vijana wasio na kazi ambao ndio waliomtoa kwenye Kiingereza, na ambao kwa ajili yao alikwenda gerezani. Tukaona kama magazeti hayakuwaandika, basi ukurasa huu utawaandika.

MWANAMKE ALIYEGONGA MLANGO

Kijiji chenyewe hakikuzaliwa kwa hiari. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari ili kupambana na Mau Mau, na katika miaka iliyofuata watu wa sehemu zile waling'olewa makwao wakakusanywa vijijini chini ya ulinzi wa askari. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 vijiji vilibaki, maana wengi hawakuwa tena na mahali pa kurudi. Kufikia miaka ya sabini Kamiriithu ilikuwa na watu kama elfu kumi. Wengi wao walikuwa vibarua wa mashamba na viwanda, na wengine walikuwa wakiamka kila siku kutafuta kibarua wasikipate. Palikuwa na kiwanja cha ekari nne kilichotengwa kwa ajili ya vijana. Ndani yake hamkuwa na kitu ila banda la udongo la vyumba vinne, lililokuwa linaanguka, na majani.

Mwaka 1976 mwanamke mmoja wa kijijini alikwenda nyumbani kwa Ngugi. Wakati huo Ngugi alikuwa mkuu wa idara ya fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi na alikaa jirani na pale. Mama yule alimwuliza, kwa ufupi, elimu hiyo yote anayosemwa kuwa nayo inakisaidia nini kijiji. Jibu la siku ile halikumridhisha. Akarudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata tena, kwa muda wa mwezi hivi, mpaka mwalimu mkuu akasalimu amri. Sisi tunaofanya kazi ya chama tunamjua mama wa namna hiyo. Kila tawi lililo hai lina mmoja.

Kazi ikaanza na kisomo cha watu wazima katika lile banda la udongo. Kiongozi wake alikuwa Ngugi wa Mirii, naye akitoka chuo kikuu, na lugha ya kisomo ilikuwa Kikuyu, lugha ya kijiji. Watu wakajua kusoma na kuandika. Halafu likaja swali ambalo walimu wa kisomo kila mahali wanalijua: tumekwisha jua kusoma, sasa tusome nini? Wanakijiji wakawaagiza akina Ngugi hao wawili waandike mchezo wa kuigiza kuhusu maisha ya pale pale.

MAPROFESA WANASAHIHISHWA

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Mpango wa mchezo ulikuwa tayari Aprili 1977. Kwa desturi ya waandishi kazi ingekuwa imekwisha: mwandishi ameandika, waigizaji wakariri. Kamiriithu haikuwa hivyo. Kwa miezi miwili mchezo ulisomwa hadharani na kila mtu akatia mkono wake. Wazee waliwakatiza waandishi katikati ya sentensi wakawaambia kwamba mzee hasemi hivyo, kijana ndiye asemaye hivyo, na kwamba methali ile haitumiki mahali pale. Waliuliza kwa mzaha ni elimu gani inayotolewa huko chuo kikuu ikiwa msomi hajui mkubwa anavyozungumza na mdogo.

Ilipofika sehemu ya gitiiro, ngoma ya majibizano ya arusi, waandishi walikwama. Aliyewatoa kwenye matope ni bibi mmoja asiyejua kusoma. Yeye alikuwa na maneno yote kichwani, na wasomi wakaketi wakaandika kadiri alivyowaambia.

Kulikuwa pia na suala la bunduki. Mchezo unarudi nyuma hadi siku za Mau Mau, kwa hiyo zilihitajika bunduki za mbao. Aliyejitolea kuzichonga alikuwa mzee ambaye miaka ya hamsini aliwatengenezea wapiganaji bunduki za kweli. Na wanawake waliokuwa wakizipeleka msituni wakawaonyesha vijana jinsi silaha ilivyofichwa ili askari wa doria asiione. Vijana waliozaliwa baada ya mambo hayo walikuwa wakiwapita wazee wale njiani kila siku, hawajui lolote.

Lakini kwetu sisi tunaopokea mshahara, jambo lililotuingia zaidi ni hesabu. Miongoni mwa waigizaji walikuwamo wafanyakazi wa kiwanda cha viatu. Mchezo ulipofika mahali pa kueleza kazi ya kiwandani, hao ndio waliokuwa walimu. Ngugi ameeleza katika maandishi yake jinsi walivyopiga hesabu: viatu vinavyotengenezwa kwa siku moja, vikiuzwa, vyatosha kulipa mshahara wa mwezi mzima wa wafanyakazi wote elfu tatu. Basi siku hiyo moja wamejifanyia kazi wenyewe. Siku ishirini na tisa zilizobaki wanamfanyia nani? Mtu anaweza kubishana na hesabu hiyo. Ngozi hainunuliwi kwa maneno, umeme hauji bure, mashine nazo huchakaa. Sisi wenyewe tulibishana nayo usiku kucha bwenini tulipoisoma kwa mara ya kwanza, na fundi mitambo wetu mmoja akaitoa gharama moja baada ya nyingine kwa kipande cha chaki sakafuni. Bado zilibaki siku nyingi.

NYUMBA ISIYO NA PAA

Majaribio ya kuchagua waigizaji yalianza tarehe 5 Juni 1977. Yalifanywa uwanjani, mbele ya watu, na watu wenyewe ndio waliosema huyu anafaa na huyu bado. Mazoezi yalikuwa Jumamosi na Jumapili mchana kwa sababu siku nyingine watu walikuwa zamuni. Kimani Gecau wa chuo kikuu ndiye aliyeongoza mchezo. Kwa kuwa mazoezi hayakufichwa, kufikia siku ya ufunguzi wako watoto na akina mama waliojua maneno ya kila mwigizaji, na mtu akisahau alikumbushwa na watazamaji.

Jukwaa nalo lilijengwa na mikono hiyo hiyo. Kikundi cha vijana kilitengeneza kwanza mfano wa njiti za kiberiti, wakaujadili, kisha wakajenga kitu chenyewe: ulingo wa nusu duara, ukuta wa mianzi nyuma yake, kijumba cha vyumba vitatu cha kubadilishia nguo, na mabenchi marefu ya mbao yaliyopandiana kama ngazi, ya kutosha watu elfu mbili. Paa hapakuwa. Nyuma ya mabenchi ilisimama mikaratusi mirefu, na siku moja waigizaji wengine, bila kuagizwa na mtu, walipanda juu ya miti ile wakaimbia huko ili kijiji kizima kisikie. Nani mwingine Afrika Mashariki wakati huo alikuwa na jukwaa la watu elfu mbili lililojengwa bila mkandarasi, hatujui.

Mchezo ulifunguliwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977. Jina lake ni Ngaahika Ndeenda. Kwa Kiswahili ulitoka mwaka 1982 kwa jina Nitaolewa Nikipenda, na wengine wetu tuliusoma katika kitabu hicho, kikipita mkono kwa mkono mpaka jalada likang'oka.

Habari yake ni hii. Kiguunda ni kibarua wa shamba. Mali yake yote ni ekari moja na nusu, na hati ya ardhi hiyo ameitundika ukutani kama wengine watundikavyo picha ya harusi. Mkewe ni Wangeci, binti yao Gathoni. Tajiri anayemwajiri, Kioi, anakuja nyumbani kwake pamoja na mkewe, jambo ambalo halijapata kutokea. Kwa kuwa mtoto wa tajiri anamfuatafuata Gathoni, wazazi wanadhani wamekuja kuposa. Kumbe tajiri anawataka Kiguunda na Wangeci wafunge ndoa ya kanisani, maana ile ya kimila, kwake, ni dhambi. Nao, wakiamini kwamba hiyo ndiyo njia ya kumwozesha binti yao, wanakubali. Harusi ni gharama: gauni, suti, keki. Kiguunda anachukua mkopo benki, na dhamana ni ile hati ya ukutani. Mkurugenzi mmojawapo wa benki hiyo ni Kioi mwenyewe. Gathoni anapata mimba, kijana wa tajiri anamkana. Kiguunda anakwenda na upanga kudai haki, anakutana na bastola mkononi mwa mke wa tajiri. Kazi inakwenda, shamba linapigwa mnada, na ardhi ile ile tajiri na wenzake wa ng'ambo walikuwa wakiitaka tangu mwanzo kwa ajili ya kiwanda cha dawa ya wadudu.

Jirani wa Kiguunda, Gicaamba, ni mfanyakazi wa kiwandani, naye ndiye anayefumbua mafumbo yote hayo. Tuseme kweli: Gicaamba anahutubia mno. Kuna mahali mtu anatamani anyamaze kidogo Wangeci aseme. Na Gathoni, anayeishia kuwa mhudumu wa baa, alistahili nafasi zaidi ya ile aliyopewa. Lakini hati ile ukutani haisahauliki. Kila aliyewahi kuweka dhamana anajua moyo unavyodunda mtu wa benki anapoishika karatasi ile, anaikunja, na kuitia mtotoni mwa meza.

WIKI SITA

Watu walikuja kutoka mbali. Walikodi mabasi na matatu, wengine walitazama mara tatu, mara nne. Tarehe 16 Novemba 1977, wiki sita na siku tatu baada ya kufunguliwa, mkuu wa wilaya ya Kiambu alifuta kibali. Sababu iliyotolewa ni usalama wa umma. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba polisi walimchukua Ngugi nyumbani kwake. Aliwekwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila kushtakiwa mahakamani, akakaa humo mpaka tarehe 12 Desemba 1978, miezi michache baada ya kifo cha Mzee Kenyatta. Chuoni hakurudishiwa kazi. Gerezani aliandika riwaya kwa Kikuyu kwenye karatasi za chooni, ambayo kwa Kiswahili inaitwa Shetani Msalabani.

Sasa tazama jambo hili. Mwezi Julai mwaka huo huo wa 1977, miezi miwili na nusu tu kabla ya mchezo, Ngugi alikuwa ametoa riwaya kwa Kiingereza, Petals of Blood. Ni kitabu kikali; kinawataja matajiri wapya kwa mambo yao bila huruma. Kitabu hicho kilizinduliwa Nairobi, na mzinduzi alikuwa waziri wa fedha wa wakati ule, Mwai Kibaki. Hakuna aliyekamatwa. Yale yale yaliposemwa kwa lugha ya mama, na mtu anayechuma chai, mbele ya wenzake wanaochuma chai, yakawa hatari kwa usalama.

MCHEZO WA PILI

Mwaka 1981 watu wa Kamiriithu walianza tena. Safari hii mchezo uliitwa Maitu Njugira, maana yake Mama Niimbie, na ulihusu mashamba ya walowezi wa miaka ya ishirini na thelathini: kodi ya kichwa, kazi ya kulazimishwa, na kipande kilichoning'inizwa shingoni mwa mtu mzima kama kengele ya mbuzi. Nyimbo zake zilikuwa zaidi ya themanini, na zilitoka katika lugha mbalimbali za Kenya.

Hilo la lugha tunalisifu, maana lilijibu swali tulilokuwa nalo kuhusu mchezo wa kwanza. Lugha ya kijiji inafungua mlango wa kijiji, ndiyo. Lakini kiwandani hukai na watu wa kijiji chako peke yao. Kwenye mstari mmoja wa mashine yuko Mkikuyu, yuko Mluo, yuko Mkamba, yuko Mluhya, na bwana msimamizi anapenda sana kila mmoja abaki na lugha yake. Mchezo wa kwanza, kwa uzuri wake wote, ulimwacha huyo jirani wa mashine nje ya uzio wa mianzi. Katika wa pili aliusikia wimbo wa kwao.

Mchezo ulitazamiwa kufunguliwa katika jumba la michezo la taifa Nairobi tarehe 19 Februari 1982. Maombi ya kibali yalikuwa yamepelekwa mapema, jibu halikuja. Siku ya siku waigizaji walikuta milango imefungwa na polisi wapo. Wakarudi kuendelea na mazoezi katika ukumbi wa chuo kikuu, na habari zikaenea kwamba mazoezi hayakatazwi mtu. Kwa siku chache walijaa watu ndani, madirishani, ngazini, mpaka inakadiriwa kwamba waliouona walikuwa kati ya elfu kumi na mbili na elfu kumi na tano. Kisha na chuo nacho kikafungwa kwao. Mchezo ule haukuwahi kuonyeshwa rasmi hata siku moja.

Tarehe 11 Machi 1982 serikali ilikifuta kituo cha Kamiriithu chenyewe na kupiga marufuku michezo yote ya kuigiza katika eneo lile. Kesho yake malori matatu ya polisi wenye silaha yalifika kijijini. Jukwaa, mabenchi, ukuta wa mianzi, vyote vilibomolewa mpaka chini.

Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau walikimbilia Zimbabwe, wakaendelea na kazi ya michezo ya vijijini huko; Ngugi wa Mirii alifariki mwaka 2008 katika ajali ya gari. Ngugi wa Thiong'o alikuwa London mwezi Juni 1982 kwa ajili ya kitabu, akapata habari kwamba akirudi atakamatwa. Hakurudi Kenya mpaka mwaka 2004. Waigizaji wao hawakuwa na pa kukimbilia. Walirudi zamuni.

Kwetu Tanzania mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na bendi yake tangu mwaka 1964, NUTA Jazz, baadaye JUWATA Jazz, na viwanda na mashirika vilikuwa na vikundi vya ngoma, ngonjera na maigizo. Hakuna aliyetubomolea jukwaa. Tulijengewa, na tulipewa ruhusa kazini kwenda mazoezini. Tulifurahi, hatutakana. Lakini sisi tuliokuwa katika kikundi kimoja cha kiwanda cha nguo tunakumbuka kwamba ngonjera nyingi zilikuja zimekwisha andikwa, na kazi yetu ilikuwa kuzikariri kabla mgeni rasmi hajafika. Mwaka mmoja mwenzetu wa idara ya kusokota alipendekeza tuigize jinsi mtu alivyokatwa vidole na mashine isiyo na kinga. Pendekezo lilipokewa vizuri, likaandikwa katika kitabu cha kumbukumbu, na tukaigiza juu ya kilimo cha pamba.

Mahali palipokuwa na jukwaa la Kamiriithu pamejengwa chuo cha ufundi. Mchezo wenyewe ulionyeshwa tena Nairobi mwezi Mei 2022, miaka arobaini na mitano baadaye, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, katika lile lile jumba la taifa ambalo milango yake ilifungwa mwaka 1982. Walioigiza safari hii walikuwa waigizaji wa kazi yao.

Tawi lolote lililopata kuigiza Nitaolewa Nikipenda kiwandani au shambani, au lenye nakala nzima ya kitabu hicho, tunaliomba lituandikie. Nakala yetu haina kurasa za mwisho.